Sifa za Mgeni wa Alhamisi

Makofi hayaponyi mtu. Lishikeni hilo mapema, kina mama, maana Nang Osang alilishika kwa kuchelewa, na aliyechelewa hushika kwa mkono ulioungua.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Generosa, lakini mji mzima wa Santa Rufina ulimwita Nang Osang, dada Osang, hata wazee waliomzidi umri. Alikuwa mjane. Alipikia watu harusi, ubatizo na matanga, na kila Alhamisi mchana aliipikia Klabu ya Huduma, ile inayokutana ghorofani juu ya duka la mikate, ng'ambo ya kanisa. Wanaklabu ni watu wema, hilo lisemwe wazi. Ndio waliochimba kisima cha shule. Ndio wanaogawa mchele kimbunga kikishapita. Na kila Alhamisi, baada ya wimbo na sala na wali, huleta mgeni wa kuzungumza.

Kwa wanaklabu, mgeni alikuwa kitu cha kuteremshia chakula tumboni. Kwa Nang Osang alikuwa shule. Yeye alisoma mpaka darasa la sita, akatolewa akalee wadogo zake, na masomo yaliyobaki aliyapata ukubwani nyuma ya meza ya chakula, upawa mkononi, mapangaboi yakizunguka taratibu juu ya vichwa vya watu kama yanayofikiri jambo. Hapo alimsikia mtu wa nyuki, aliyesema nyuki akipata maua hurudi nyumbani kuwachezea wenzake ngoma ya kuwaelekeza njia. Alimsikia mama wa kasa. Alimsikia kijana wa nyota, aliyesema ziko zilizokwisha kufa ila nuru yao bado iko safarini kuja kwetu. Na bwana wa matetemeko alisema kisiwa chote kinatembea, polepole kama kucha inavyoota, nasi juu yake tumelala.

Hakuna aliyeuliza swali hata siku moja. Mwenyekiti, Mwalimu Consolacion, aliyekuwa mkuu wa shule kabla ya kustaafu, alisema "Kuna swali?" kwa sauti ya mtu anayefunga mlango, na watu walitabasamu tu. Huko kwao kumwuliza mgeni swali gumu ni kumvua nguo mbele za watu. Basi makofi, picha, mgeni anavishwa shali ya kufumwa kwa mkono, yamekwisha, kila mtu na mwavuli wake.

Nang Osang alirudi nyumbani na mabaki ya kuku wa siki katika bakuli na maneno ya mgeni kichwani. Bintiye, aliyemwita Nay, yaani mama, alikuwa akimsubiri kizingitini.

"Nay, leo mgeni kasema nini?"

Jovelyn alikuwa na miaka kumi na minne, mwembamba, shingo ndefu, macho ya mtu anayesikiliza muziki wa nyumba ya pili. Alikuwa na kifafa. Jina hilo halikutajwa nje ya mlango wao. Jirani akiuliza, mtoto "ana kizunguzungu". Hospitali ya wilaya ilimpa vidonge vya kunywa kila usiku, na tangu alipoanza kuvinywa hakuwahi kuanguka tena. Lakini vidonge vile vilichukua kitu. Zamani, kabla ya dawa, Jovelyn aliota kila kilichozungumzwa klabuni. Nyuki walimchezea ngoma kwenye kiganja. Kasa alimbeba mgongoni, wakapita chini ya kanisa lililojaa maji, na watu wakaendelea na misa. Asubuhi alimsimulia mama yake huku wanachambua mchele, na mama alisahau hata kuchambua. Baada ya dawa, usingizi wake ukawa mweusi tititi, kama kitako cha sufuria.

"Nalala kama nimezimwa, Nay," alisema siku moja. "Kama taa. Sijui hata kama nipo."

Mama gani asiyeumia kusikia hivyo?

Basi Alhamisi moja, katika miezi ya vimbunga, mgeni hakutokea. Alikuwa aje daktari kutoka kisiwa cha pili, lakini bahari ilichafuka na vivuko vikazuiwa. Simu ilikuja watu wamekwisha kuketi.

Klabu ile ina mchezo wake wa tangu zamani. Mgeni akikosekana, husimamishwa mwanachama mpya kuliko wote, nao humwita kiraka. Kiraka husomewa sifa za mgeni aliyekosekana, neno kwa neno, kisha huzungumza mada ile ile kwa uso mkavu. Wanaosikiliza nao sharti wawe na nyuso kavu, kwa sababu atakayecheka anatozwa faini na Nong Berting, kaka Berting, mzee wa faini, ambaye ndiye peke yake mwenye ruhusa ya kucheka, kwa niaba ya wote.

Nang Osang hakuujua mchezo huo. Tangu aanze kupika pale wageni wote walifika. Na wakati wanaklabu wanakubaliana kwa kunong'onezana na kusukumana viwiko, yeye alikuwa chini kwa mwoka mikate, anatoa pudini zake za mayai kwenye tanuri.

Mwanachama mpya aliitwa Teodulfo Palmares, Nong Dulfo, muuza magodoro wa mji wa ng'ambo ya daraja. Alikuwa amekula kiapo cha uanachama asubuhi ile ile. Mtu mrefu, mwenye mvi za kupendeza pembeni, na alivaa lile shati jeupe la nyuzi za nanasi ambalo wanaume wa huko huvaa siku ya heshima. Nang Osang alipopanda ngazi na sinia la pudini, alimkuta mtu huyo amesimama mbele, na Mwalimu Consolacion anasoma:

"Mgeni wetu wa leo ni bingwa wa ubongo na usingizi. Amesoma Manila, amesoma Japani, wagonjwa wake wanatoka visiwa saba. Na tusisahau, bibi yake mzaa mama alizaliwa hapa hapa Santa Rufina, mtaa wa nyuma ya kanisa. Ni mtoto wetu. Tumpokee."

Makofi. Nje mvua ilikuwa imeanza, ile mvua ya kunyooka isiyo na hasira. Nang Osang aliweka sinia chini polepole lisilie.

Nong Dulfo aliangalia dari, akaangalia dirisha, akaanza. Sauti yake ilikuwa nene na ya taratibu. Tusimwonee, miaka mingi alikuwa amewalaza watu dukani kwake kwa sauti ile ile ili waonje godoro.

"Ndugu zangu, usingizi ni mto. Ndoto ndiyo samaki wake. Sasa wewe unayemeza kidonge kila usiku, unafanya nini? Unatupa jiwe mtoni. Leo jiwe, kesho jiwe. Mto unaziba. Samaki wanakufa. Unalala gogo, unaamka gogo. Unaishi kweli hapo? Mwenyezi Mungu hakumpa mtu kichwa ili kizimwe kama taa."

Kama taa! Nang Osang alishika ukingo wa meza.

"Nendeni nyumbani," Nong Dulfo alisema, "mkatupe mawe. Ulazeni mgongo mahali pazuri, palaini kidogo, pagumu kidogo, kichwa kitajitibu chenyewe. Mto una akili kuliko anayetupa mawe."

Ukumbi ulitulia kama kanisa. Mwenye duka la dawa, mwanamke mnene wa miwani, aliinamisha kichwa na mabega yakamtetemeka. Nang Osang akaona huyu analia, ameguswa, anajuta vidonge vyote alivyowahi kuuza. Mwingine aliuma leso. Mwalimu Consolacion alikaza midomo mpaka ikawa myeupe. Hakucheka mtu. Mvua ilikuwa inasema ndiyo, ndiyo, ndiyo kwenye bati, na yule mwanamke nyuma ya meza alihisi miguu yake haigusi sakafu, kana kwamba ghorofa lote limeng'oka taratibu juu ya duka la mikate na linaelea kuelekea mtoni.

"Kuna swali?" alisema Mwalimu Consolacion, akifunga mlango.

Swali lilimpanda Nang Osang kooni. Alikuwa amekwisha kuinua upawa kidogo. Lakini mpishi anauliza nini mbele ya watu waliosoma? Akaushusha.

Alimvizia mgeni penye ngazi, na kipande cha pudini kilichofungwa kwa jani la mgomba.

"Daktari," alisema kwa sauti ya chini, "samahani. Hata vidonge vya mtoto? Vile vya usiku?"

Nong Berting alikuwa hatua mbili nyuma, anatikisa kopo lake la faini, na kiraka haruhusiwi kuvua uso wake mpaka afike chini barabarani. Nong Dulfo alifikiri mpishi naye yumo mchezoni, anamtega ili acheke. Akamwinamia kwa heshima zote.

"Vya mtoto ndiyo vya kwanza, Nang. Mtoto ana mto mwembamba." Akamkonyeza.

Nang Osang aliona kule kukonyeza ni upole.

Angalieni hapo, kina mama. Aliuliza nusu ya swali. Neno kifafa hakulitaja, lilimkwama kwa aibu. Na anayeuliza nusu hupewa jibu la kitu kingine, akaenda nalo nyumbani akidhani ni lake.

"Nay, leo mgeni kasema nini?"

Alimwambia. Alimwambia yote, mto, mawe, samaki, na Jovelyn akasimama akatetemeka kwa furaha.

"Daktari wa kweli, Nay?"

"Kasoma Japani, Inday, binti yangu. Bibi yake wa nyuma ya kanisa."

"Na ulimwuliza kuhusu mimi?"

"Nilimwuliza. Kasema kwa mdomo wake."

Walikwenda nyuma ya nyumba penye mfereji uliokuwa umejaa maji ya mvua, wakatupa vidonge kimoja kimoja, na Jovelyn akikisindikiza kila kimoja kwa mdomo, "Plup! Plup!" mpaka wote wawili wakacheka.

Je, Nang Osang hakuogopa? Aliogopa. Mama huyu aliogopa hata paka akipiga chafya. Na nesi wa zahanati alikuwa amemwambia, wazi kabisa, "Nang, dawa hii usiikatishe hata siku moja, mtoto atarudia kuanguka vibaya kuliko mwanzo." Lakini nesi alisema mara moja tu, kwa haraka, amesimama, foleni nyuma yake. Daktari alisema muda mrefu, amevaa shati jeupe, kwa kipaza sauti, na watu wakampigia makofi. Mizani ya mtu ambaye hakusoma sana hupima hivyo. Na waliosoma pia, msiwacheke wenzenu.

Ndoto zilirudi.

Hazikurudi zote pamoja. Kwanza ilikuja rangi tu, Jovelyn alisema, rangi ya kijani isiyo na kitu ndani yake. Halafu nyuki. Halafu asubuhi moja aliamka na uso uliong'aa, akakaa juu ya mkeka bila kufungua chandarua, kama bibi harusi.

"Nimemwona Tatay."

Mwiko ulimsimama mama mkononi. Baba wa Jovelyn alikuwa amekufa miaka mingi, mtoto hajaota meno ya pili.

"Yuko wapi?"

"Juu ya nyumba. Anaziba bati. Nikamwita, akasema, ngoja Inday, mama yako analowa."

"Alisema mimi nalowa?"

"Kasema hivyo. Na alikuwa na misumari mdomoni, ndiyo maana hakusema mengi."

Ni kweli marehemu alikuwa na tabia hiyo ya kushika misumari kwa midomo. Nang Osang alikaa chini akalia kidogo, kilio kitamu, na akamshukuru Mungu kwa daktari wa Alhamisi. Tangu hapo siku zao zikawa kama siku zilizofunikwa kitambaa chepesi. Walipika, walifua, waliuza maandazi yao ya mchele, lakini maisha yenyewe yalikuwa asubuhi, chini ya chandarua, mtoto akisimulia. Mama aliuliza, "Na leo amevaa nini? Amenenepa? Bado ana lile kovu?" Alianza naye kulala mapema, akitumaini mto wa mtoto utafurika kidogo umfikie.

Dalili zilikuwepo. Siku moja Jovelyn alishika kijiko hewani, akakitazama, akakaa hivyo, na wali ukamdondoka kwenye goti. "Inday?" Hakujibu. Kisha akajibu, kana kwamba hakuna kitu. Siku nyingine alisimama katikati ya neno. Nang Osang aliona, akajiambia ni mabaki ya ndoto, mtoto bado hajatoka vizuri usingizini. Mtu akitaka kudanganywa, hata macho yake hutafuta kazi kwa yule anayemdanganya.

Alhamisi iliyofuata shule ilifungwa kwa ajili ya mvua. Jovelyn akasema, "Nay, nichukue. Nataka nimsikie mgeni mwenyewe, nisisikie mabaki."

"Mabaki ya mama yako yamekulisha mpaka leo, usiyatukane."

"Basi nitakusaidia kubeba sufuria."

Akamchukua. Nyuma ya ukumbi kuna chumba kidogo chenye jiko la gesi, kimetengwa kwa pazia. Nang Osang alimwacha binti akoroge mchuzi wa kuku wa tangawizi na papai bichi, sufuria kubwa lililofika kifuani mwa mtoto likiwa juu ya jiko, yeye akatoka ukumbini kugawa wali.

Aliona jambo la kwanza akaliona zuri. Yule daktari alikuwepo! Ameketi meza ya katikati, koti juu ya shati lake jeupe, shavu limejaa samaki, anakula kama mtu wa nyumbani. Amerudi kutuona, aliwaza Nang Osang. Akamwekea ndimu mbili za nyongeza kwenye sahani.

"Asante, Nang," alisema yule bwana. "Godoro lako unalalia la nini, la sufi?"

"La sufi, Daktari."

Meza nzima ikapasuka kwa kicheko, na Nang Osang naye akacheka, ingawa hakujua anacheka nini.

Kisha Mwalimu Consolacion akasimama na kugonga glasi.

"Mgeni wetu wa leo," alisoma, "ni bingwa wa ubongo na usingizi. Amesoma Manila, amesoma Japani, wagonjwa wake wanatoka visiwa saba. Na tusisahau, bibi yake mzaa mama alizaliwa hapa hapa Santa Rufina, mtaa wa nyuma ya kanisa."

Nang Osang alimtazama mtu wa shati jeupe, akingoja asimame. Hakusimama. Alikuwa anachomoa mwiba wa samaki kwenye meno. Aliyesimama alikuwa mwanamke mfupi mwenye koti la mvua la manjano, nywele zimelowa, kandambili mkononi kwa sababu zilikatika ngazini.

"Mtoto wetu! Safari hii wa kweli!" alipaza Nong Berting, na kopo likalia. "Nong Dulfo, simama! Unashitakiwa kwa kuvaa sifa za mwanamke wiki nzima bila kuzifua!"

"Nilizitunza vizuri, mheshimiwa!"

"Na kwa kuwatibu watu usingizi bila leseni! Faini!"

"Nitalipa kwa mito miwili!"

Ukumbi mzima ulicheka kicheko kilichokuwa kimelimbikizwa tangu Alhamisi iliyopita. Mwenye duka la dawa mabega yalimtetemeka vile vile kama siku ile, na sasa kichwa kilikuwa juu, na Nang Osang aliuona uso. Siku ile hakuwa analia.

Sauti zote zikaondoka. Midomo ilikuwa inafunguka na kufumba, mapangaboi yalizunguka, na yeye alikuwa chini sana, kwenye lile kanisa la ndoto lililojaa maji, watu wanaendelea na misa na hakuna anayemwona anavyozama. Mawe. Plup. Plup.

Ndipo ukatoka jikoni mlio mmoja, wa upawa kuanguka.

Hakumbuki alivyopita kati ya meza. Aliondoa pazia, na Jovelyn alikuwa amesimama mbele ya sufuria, wima, macho wazi yanatazama juu kwenye bati, kana kwamba kuna mtu pale anaziba tundu. Midomo ilicheza. Kisha mwili ukakakamaa ukaanza kuegemea mbele, taratibu mno, kama mti unaokatwa ambao bado haujaamua. Nang Osang alijitupa katikati. Mkono wake wa kushoto uliingia kwenye mchuzi mpaka kiwiko, ubavu wake ukapiga sufuria, na mtoto akaangukia mgongoni kwa mama badala ya motoni. Wakaenda chini wote wawili.

Watu walijaa mlangoni. Jovelyn alikuwa anatupatupa mikono na miguu, povu mdomoni.

"Mshikeni!" mmoja akapiga kelele.

"Kijiko! Leteni kijiko asijiume ulimi!" Nong Berting alikuwa nacho tayari.

"Weka chini hicho kijiko!" Alikuwa yule mwanamke wa koti la manjano, na sauti yake haikufanana kabisa na umbo lake. "Hakuna kitu mdomoni. Hakuna kumshika. Zima gesi. Sogeza hilo sufuria. Wewe, Nong wa shati jeupe, vua koti, weka chini ya kichwa." Akapiga magoti kwenye mchuzi uliomwagika, akamgeuza mtoto kwa ubavu, akatazama saa. "Itapita. Tulieni. Mama, njoo hapa nikuone mkono. Mimina maji ya bomba, mtu ammiminie mama maji, yasikome."

Ilipita. Ilichukua muda ambao Nang Osang hataki kuusema, lakini ilipita. Mtoto akaanza kupumua kwa sauti, kama mtu anayekoroma. Daktari Evangelista, ndilo lilikuwa jina lake, hakuinuka sakafuni.

"Ana kifafa?"

Neno lilitajwa mbele ya mji mzima, na paa halikuanguka.

"Ndiyo."

"Ana dawa?"

"Alikuwa nayo."

"Nani kamwachisha?"

Nang Osang hakunyoosha kidole. Alitazama tu. Na watu wote waliyafuata macho yake, wakageuka mmoja mmoja, mpaka Nong Dulfo akabaki peke yake katikati ya nafasi, bila koti, shati jeupe limechafuka mchuzi.

"Nang," alisema, na ile sauti nene haikuwepo tena, "mimi nauza magodoro."

Hakucheka mtu, na safari hii si kwa kuogopa faini.

"Uliniambia vya mtoto ndiyo vya kwanza."

"Nilidhani unanitania. Mama yangu, nilidhani unanitania."

Mwalimu Consolacion alikaa kwenye gunia la mchele, yeye aliyesoma zile sifa mara mbili, akafunika uso. "Tulicheza," alisema. "Tulikuwa tunacheza tu. Mbona hukuuliza, Osang?"

"Mliniuliza kama nina swali," alisema Nang Osang, maji ya bomba yakimpita mkononi, "mkiwa mmeshaanza kukunja viti."

Jovelyn alifumbua macho. Aliwaona watu wote wale juu yake, na bati, na taa.

"Nay," alisema kwa ulimi mzito, "mgeni kasema nini?"

Siku hiyo mgeni hakuzungumza. Alimsindikiza mtoto hospitali ya wilaya, kwenye pikipiki yenye kibanda ubavuni, miguu peku. Huko alimwambia Nang Osang jambo ambalo ndilo linalomchoma mpaka leo kuliko ule mkono. Alisema dawa ya kifafa haitupwi ghafla, hata na daktari. Lakini zipo za aina zaidi ya moja, na inayomzima mtoto kama taa inaweza kubadilishwa polepole, kwa kufuatwa, mgonjwa akisema. "Hukuhitaji kuchagua kati ya ndoto na mtoto," alisema. "Ulihitaji kumwuliza mtu kama mimi, na kutaja jina la ugonjwa."

Jovelyn yuko hai. Ana kovu dogo kwenye kidevu. Mkono wa mama yake umepona kwa ngozi ya kukunjamana kama maziwa yaliyopoa. Nong Dulfo alileta godoro, akalipandisha mwenyewe mgongoni, akalia mlangoni, akakaribishwa maandazi. Godoro ni zuri, hilo tusimnyime.

Klabu ilifuta mchezo wa kiraka. Mgeni asipokuja, wanakula, wanaimba, wanakwenda nyumbani. Na anapokuja, baada ya sifa kusomwa na kabla ya makofi, mtu mmoja nyuma ya meza ya chakula huinua upawa.

"Samahani, mgeni. Hayo yamesomwa. Wewe mwenyewe tuambie, ni nani, na unachotaka kutuambia umekijuaje?"

Mara ya kwanza watu walijikunyata kwa haya. Nong Berting alisema mpishi atozwe faini kwa kumvua mgeni nguo. Mwalimu Consolacion akajibu, "Si mwanachama, hatozwi. Mgeni, jibu." Na cha ajabu wageni hawakasiriki. Wa kweli hawakasiriki.

Dawa mpya ilianza mwezi wa baridi, kidogo kidogo, daktari akifuatilia. Usingizi wa Jovelyn bado mweusi siku nyingi. Lakini asubuhi moja, wanachambua mchele, alisema bila kuinua macho:

"Nimeota."

Mama alijizuia asiulize upesi. "Nini?"

"Mtu yuko juu ya nyumba, anagonga. Amenipa mgongo. Nikataka kumwita Tatay." Akatupa punje mbovu nje ya ungo. "Halafu nikamwuliza kwanza, samahani, wewe ni nani?"

"Akasemaje?"

"Akatoa misumari yote mdomoni, Nay," alisema Jovelyn, "akaniambia."